Kuuguza wazee baada ya upasuaji

Kuuguza wazee baada ya upasuaji ni kazi ya kumsaidia mtu mwenye umri mkubwa, kwa kawaida miaka 60 na kuendelea, arudie afya yake na uwezo wa kujihudumia baada ya kufanyiwa operesheni. Kazi hiyo huanza wodini na huendelea nyumbani kwa wiki au miezi kadhaa. Nchini Tanzania sehemu kubwa zaidi hufanywa na ndugu wa mgonjwa, yaani mke, binti, mkwe au mjukuu, kwa maelekezo ya madaktari na wauguzi.

Makala hii inaeleza kazi hiyo hasa kwa kuangalia mazingira ya Kingolwira, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo mashariki mwa mji kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, pamoja na maeneo jirani chini ya milima ya Uluguru. Mkazi wa huko anayehitaji upasuaji mkubwa kwa kawaida hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Matatizo yanayozidi uwezo wa mkoa hupelekwa Dar es Salaam, kwa mfano Hospitali ya Taifa Muhimbili au, kwa mifupa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Mgonjwa hukaa huko siku chache tu, kisha hurudi nyumbani akiwa bado na kidonda.

Hatari iko wapi

Watu wengi huogopa chumba cha upasuaji kuliko siku zinazofuata. Takwimu zinaonyesha kinyume. Mwaka 2018 jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za nchi 25 za Afrika, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 11,000 wa rika mbalimbali. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya operesheni, na karibu vifo vyote vilitokea katika siku zilizofuata upasuaji, si mezani. Watafiti walieleza kwamba wauguzi na madaktari ni wachache mno kuweza kumfuatilia kila mgonjwa, hivyo dalili za mwanzo hupita bila kuonekana.

Kwa mzee nafasi ya kukosea ni finyu zaidi. Moyo, mapafu na figo zake zina akiba ndogo ya nguvu, ngozi yake ni nyembamba, na mara nyingi ana shinikizo la damu au kisukari tangu zamani. Kijana anaweza kukosa kula siku tatu na kulala wiki nzima kisha akainuka. Mzee akifanyiwa hivyo huenda asitembee tena, hata kama kidonda chenyewe kimepona vizuri kabisa.

Kuamka kitandani

Katika jamii za Morogoro, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, mzee anayeumwa huheshimiwa kwa kupumzishwa. Huletewa maji ya kunawa pale alipolala, hulishwa kwa kijiko, huvalishwa, na mgeni anayemkuta amesimama huuliza mbona mnamsumbua. Nia ni njema, lakini ndiyo desturi inayowadhuru wazee wengi baada ya operesheni.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wenye afya njema, ambao hawakuwa wamepasuliwa wala kuumwa. Kwa muda huo mfupi kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya misuli ya miguu, na nguvu ya kunyoosha goti ilipungua kwa zaidi ya asilimia 15. Mzee ambaye tayari alikuwa akiinuka kwa shida kutoka kwenye kiti hawezi kumudu hasara hiyo. Zaidi ya misuli, kulala chali kwa muda mrefu huacha makohozi yatuame chini ya mapafu na kuleta nimonia, damu huganda katika mishipa ya miguu, choo kinakuwa kigumu, na ngozi ya makalio, visigino na kiuno huoza na kuwa vidonda vya kulalia ambavyo hupona kwa shida sana.

Daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alianza katika miaka ya 1990 kuonyesha kwamba wagonjwa wanaolishwa mapema, wanaotulizwa maumivu vizuri na kuinuliwa mapema hupona haraka kuliko wanaolazwa kwa desturi ya zamani. Njia hiyo sasa imeenea duniani. Mambo mengi ndani yake hayahitaji mashine yoyote, kwa hiyo yanafaa Kingolwira kama yanavyofaa Copenhagen.

Baada ya operesheni nyingi mgonjwa huweza kukaa pembeni mwa kitanda siku hiyohiyo au kesho yake, ikiwa daktari hajakataza. Kuinuka kuna utaratibu wake. Mzee hugeuka kwanza ubavu, hushusha miguu huku akijisukuma kwa mkono, kisha hukaa dakika moja au mbili mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo asimame. Anayemsaidia husimama upande ulio dhaifu na kumshika kiunoni au kwenye mkanda. Kumvuta mkono kunaweza kumtegua bega. Siku ya kwanza hatua chache zinatosha. Kisha safari huongezwa: hadi mlangoni, hadi ukumbini, hadi chini ya mti uani, hadi kwa jirani na kurudi. Safari fupi nne au tano kwa siku ni bora kuliko moja ndefu inayomchosha, na kwa joto la Kingolwira hufanywa asubuhi na jioni.

Akiwa amekaa, mgonjwa avute pumzi ndefu mara kumi kila saa anapokuwa macho. Aliyepasuliwa tumbo hukumbatia mto au kanga iliyokunjwa juu ya mshono anapokohoa, ili maumivu yapungue na makohozi yatoke.

Swali gumu ni nani amwambie mzee aamke. Mtoto huona haya kumwamrisha baba yake, na mkwe huona haya zaidi. Hapa mjukuu ana nafasi ya pekee. Kati ya babu au bibi na wajukuu kuna utani unaoruhusu maneno ambayo watoto hawawezi kuyasema, na mzee aliyekataa ombi la binti yake mara tatu anaweza kuinuka akicheka kwa kuchokozwa na mjukuu. Wauguzi wanaweza kulitumia jambo hili wanapotoa maelekezo ya kuruhusiwa.

Choo, kitanda na njia ya ndani

Nyumba nyingi za pembezoni mwa mji zina choo cha shimo nje, cha kuchuchumaa. Kwa aliyepasuliwa nyonga, goti au tumbo kuchuchumaa ni hatari au haiwezekani. Kwa aliyewekewa nyonga bandia, kukunja nyonga kupita pembe mraba katika wiki za kwanza kunaweza kuitegua. Ndiyo maana choo kinapaswa kufikiriwa kabla ya siku ya operesheni. Wengi hutumia kiti cha plastiki imara kilichokatwa tundu katikati na kuwekwa juu ya shimo, au kiti cha mbao kinachotengenezwa na fundi seremala, chenye mikono ya kujishikia. Usiku ndoo yenye mfuniko chini ya kiti kama hicho, karibu na kitanda, humwepusha mzee na safari ya gizani ambayo huishia kwa kuanguka.

Kitanda kinapaswa kuwa na urefu unaoruhusu miguu kugusa sakafu mzee anapokaa. Kikiwa kifupi, matofali chini ya miguu yake husaidia, mradi kisiyumbe. Mkeka na kigoda huwekwa kando kwa muda. Muumini aliyezoea kusujudu husali akiwa ameketi kwenye kiti, jambo linaloruhusiwa kwa mgonjwa. Mazulia yanayoteleza, nyaya, ndoo na kuku wa uani huondolewa njiani. Ndala zilizolegea hubadilishwa kwa viatu vinavyoshika kisigino.

Mzee ambaye bado hawezi kuinuka hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ngozi yake hutazamwa kila siku anapooshwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi, hivyo hutafutwa sehemu iliyobadilika rangi, iliyo ya moto, ngumu au laini kuliko pembeni yake. Sehemu hiyo haisuguliwi. Huondolewa uzito tu.

Chakula na maji

Mgonjwa aliyepasuliwa mara nyingi hupewa uji mwepesi kwa siku nyingi kwa kudhaniwa kuwa tumbo lake halitaweza kitu kingine. Uji mtupu wa mahindi hushibisha bila kujenga. Wataalamu wa lishe hupendekeza mzee anayepona apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 50 anahitaji basi gramu 60 hadi 75. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15 hivi, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zaidi ya 20.

Kiasi hicho kinapatikana bila chakula cha gharama kubwa. Maharage, kunde, mbaazi na choroko ni vyakula vya kila siku Morogoro. Dagaa waliosagwa huchanganywa kwenye uji bila mzee asiye na meno kuhangaika kutafuna, na maziwa, karanga zilizosagwa au yai pia huchanganywa humo. Kingolwira yenyewe inajulikana kwa kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki, na perege wa bwawani ni laini na wenye miiba mikubwa inayoonekana. Mchicha, matembele, mlenda, mapapai na machungwa husaidia choo kulainika. Milo midogo mitano huliwa vizuri kuliko mikubwa miwili, na mzee hula zaidi akikaa na wenzake kuliko akipelekewa sahani chumbani.

Wazee hawahisi kiu kama vijana, na baadhi hujinyima maji makusudi ili wasisumbue watu kuwapeleka chooni. Mkojo wa rangi ya chai ni dalili kwamba maji hayatoshi. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopangiwa na daktari, na mwenye kisukari hufuata mpango wake wa chakula, kwani sukari iliyopanda huchelewesha kidonda kupona.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla

Siku ya kwanza hadi ya tano baada ya operesheni, mzee aliyekuwa na akili timamu anaweza kuanza kuongea na watu waliokwisha kufa, kung'oa mpira wa mkojo, kutojua yuko wapi au kumkataa mwanawe. Hali hiyo huzidi usiku. Wengine hawafanyi fujo bali hulala tu, hujibu kwa shida na hukataa chakula. Hawa husahaulika kwa sababu hawasumbui mtu.

Familia nyingi husema ni uzee umeingia, au mzee amechezewa, na wengine humtoa hospitalini kumpeleka kwa mganga. Kitabibu ni ubongo unaolemewa na tatizo la mwili, na tatizo hilo kwa kawaida hupatikana likitafutwa: maambukizi, upungufu wa maji, maumivu makali, mkojo uliozuiwa, choo kigumu, oksijeni ndogo au dawa mojawapo. Wengi hurudia hali yao baada ya siku au wiki, sababu ikitibiwa. Ndugu ndiye anayeweza kugundua kwanza, kwa kuwa muuguzi wa zamu hajui mzee huyo alikuwaje wiki iliyopita. Kauli ya mlezi kwamba "huyu si baba ninayemjua" inastahili kupelekwa kwa daktari mara moja.

Kuna mambo yanayopunguza hatari hiyo. Mzee avae miwani yake na kifaa chake cha kusikia, awe na mtu anayemfahamu kando yake, aambiwe siku na mahali alipo, dirisha lifunguliwe mchana na taa na redio zizimwe usiku. Kubishana naye hakusaidii. Kumfunga kamba kunamwongezea hofu na majeraha.

Maumivu na dawa

Wazee wengi wamelelewa kuvumilia. Akiulizwa kama anaumwa hujibu kwamba hajambo, huku akipumua juujuu na kukataa kugeuka. Basi ni afadhali kuulizwa kama anaweza kukohoa, kugeuka na kutembea. Asiyeweza kwa sababu ya maumivu hajatulizwa vya kutosha, na hawezi kufanya mazoezi yaliyotajwa juu. Parasetamoli inayonywewa kwa saa zilizopangwa hufanya kazi vizuri kuliko inayosubiri maumivu yawe makali. Kipimo chake kwa mzee mwembamba hupangwa na daktari.

Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa na hununuliwa kwa mazoea. Kwa mzee zinaweza kutoboa vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, hasa akiwa anatumia dawa za shinikizo. Zisitumiwe bila ruhusa ya daktari. Vilevile dawa za shinikizo na kisukari zilizosimamishwa kwa ajili ya operesheni hurudishwa kwa maelekezo tu, na dawa za mitishamba zinazotumika hutajwa kwa daktari bila kuona haya. Karatasi moja yenye majina ya dawa na saa zake, ikibandikwa ukutani, huzuia walezi wawili kumpa mzee dawa ileile mara mbili.

Kidonda

Kidonda cha operesheni hakihitaji mengi. Huachwa kikiwa kikavu na kimefunikwa kama hospitali ilivyoelekeza, na anayekigusa hunawa mikono kwa sabuni kwanza. Majivu, dawa ya meno, mafuta, majani yaliyotwangwa na unga wa vidonge vya antibiotiki havipakwi. Nyuzi zisizoyeyuka mara nyingi hutolewa baada ya siku 7 hadi 14 kutegemea sehemu ya mwili, na kazi hiyo hufanyika hata katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.

Tofauti kwa aina ya upasuaji

Baada ya operesheni ya mtoto wa jicho mzee hutembea siku hiyohiyo. Kazi kubwa ni matone ya macho kwa saa zake, kutosugua jicho, na kulikinga na vumbi na moshi wa kuni. Aliyefanyiwa ngiri hutembea mapema lakini haruhusiwi kubeba ndoo wala kushika jembe kwa wiki kadhaa. Kwa tezi dume, mfuko wa mkojo hubaki chini ya usawa wa kibofu wakati wote na mpira haukunjwi. Mkojo wenye damu kidogo si ajabu, ila ukiacha kutoka au ukija na mabonge ya damu ni dharura.

Nyonga iliyovunjika ndiyo inayohitaji uuguzaji mrefu kuliko zote. Kama mguu uruhusiwe kukanyaga au la hutegemea jinsi mfupa ulivyoungwa, hivyo swali hilo liulizwe na jibu liandikwe kabla ya kutoka hospitalini. Gari au bajaji humfaa mgonjwa huyo, bodaboda haimfai. Anayetoka vijiji vya mlimani ni afadhali akae kwanza kwa ndugu walio tambarare, kwa kuwa njia za Uluguru ni za mteremko mkali na mvua huzifanya ziteleze.

Dalili za kumrudisha hospitalini

Mzee hurudishwa bila kusubiri tarehe ya kliniki akipata homa au kutetemeka, kidonda kikivimba, kikitoa usaha, kikinuka au kikifumuka, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya chini ya goti, au akitapika mfululizo na tumbo kujaa. Kifua kubana, kukosa pumzi kwa ghafla, kukohoa damu, upande mmoja wa mwili kulegea au kuchanganyikiwa ni dharura ya saa ileile. Inafaa kukumbuka kwamba mzee mwenye maambukizi makubwa anaweza asiwe na joto la mwili kabisa. Kukataa kula na kulala mno huenda kukawa dalili pekee.

Familia na gharama

Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, hufuata ukoo wa mama. Ardhi na jina la ukoo hupita kwa wanawake, na mjomba ana sauti katika mambo ya watoto wa dada yake. Kwa hiyo mzee wa kiume anaweza kuwa na watu wawili wa kumuuguza, yaani upande wa mke na watoto wake, na upande wa dada na wapwa zake. Kingolwira ina wakazi wa makabila mengi na desturi zimechanganyika, lakini swali la mzee atafikia kwa nani huamuliwa vizuri zaidi kabla ya operesheni, pamoja na nani atakayelala naye usiku na nani atakayemwogesha, kwani kwa wengi ni mwiko mkwe kumwogesha mama mkwe.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwa kawaida hutambuliwa kupitia serikali ya mtaa au kijiji na kupewa kitambulisho. Msamaha huo hauondoi gharama zote: dawa inapokosekana hospitalini hununuliwa nje, na nauli, chakula cha anayeuguza na siku alizokosa kazini au shambani hubaki juu ya familia. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao kazi yao ni kutembelea kaya na wanaweza kumwona mgonjwa aliyeruhusiwa kabla hali haijaharibika.

Wazee wasio na ndugu hupokelewa katika makazi ya serikali, mojawapo likiwa Fungafunga mjini Morogoro. Wengi zaidi hubaki nyumbani, na mara nyingi anayewauguza ni mke mwenye umri uleule, naye akiwa na magoti mabovu na shinikizo lake la damu. Kumwinua mtu mzima mara nane kwa siku humwumiza mgongo, na usiku usio na usingizi humpandisha shinikizo. Hospitali humpa mgonjwa tarehe ya kliniki. Mke huyo hapewi tarehe yoyote, hivyo zamu ya usiku hupangwa na watoto na majirani wenyewe.